Kadi Zilizopaswa Kuwa Majivu

Siku ile mjinga alikuwa Ezron. Hakuna haja ya kuzunguka, mwenyewe anakubali.

Jasusi mwenye uzoefu wa miaka kumi na moja. Bastola ya Browning kiunoni, simu ya setilaiti ya Thuraya chini ya godoro, jina la siri Kanga Saba.

Akaangushwa na kwaya.

Ilikuwa hivi. Kazi yake ya bandia pale Tunduma ilikuwa kibanda cha kuwawekea madereva wa malori nyimbo kwenye flashi. Mbele, kompyuta ya nyimbo. Nyuma ya pazia, kompyuta ya pili isiyo na wimbo hata mmoja. Humo mlikuwa na kazi ya miezi kumi na minane: picha za malori arobaini, namba zake, lakiri zilizokatwa na kubandikwa upya, na sura za watu waliokuwa wakivusha dawa bandia za malaria za watoto.

Miezi kumi na minane ya kula peke yake, ameegemea ukuta uleule. Madereva walimwita "fundi", wakachukua nyimbo zao, wakaondoka. Hakuna aliyewahi kumuuliza ameamkaje.

Ndipo akaja Ambilikile.

Alimsalimia kwa lugha ya nyumbani, ile ya milimani Ibaba, kwa lafudhi ileile ya shangazi zake. Akauliza viazi vimestawi vipi mwaka huu. Akauliza kama mama bado yu hai. Kisha akatoa flashi mfukoni.

"Ndugu yangu, kwaya ya kwetu hii. Sikiliza, utalia."

Umeme ulikuwa umekatika. Kompyuta ya mbele ilikuwa imezima. Ya nyuma ilikuwa na betri.

Ezron akaitazama flashi. Akalitazama pazia.

Akaichomeka ya nyuma.

Na kweli alilia.

Wiki tatu baadaye, saa tatu asubuhi, kioo cha ile kompyuta kikawa cheupe kama unga wa sembe. Hakuna picha. Hakuna namba. Hakuna kitu.

Akageukia diski ya akiba, ile ya kunakilia kazi kila jioni, ambayo aliambiwa mara mia aichomoe akimaliza.

Haikuwa imechomolewa. Nayo ilikuwa tupu.

Akavuta Thuraya.

"Aida, nimekwisha."

Aida alikuwa fundi wa data wa kitengo, ofisi yake Vwawa. Utaratibu wote wa nakala aliupanga yeye. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Ezron zaidi.

"Taratibu, kaka. Kimefutika nini?"

"Chote. Na diski."

"Ilikuwa imechomekwa?"

Ezron akakohoa.

"Haya, nimekuelewa. Flashi ya mgeni uliiingiza lini?"

"Wiki tatu zilizopita. Umejuaje?"

"Kirusi cha namna hiyo hakitembei kwa miguu. Kiliingia, kikalala, leo kimeamshwa."

Kwa nini leo, Ezron alijua. Jana yake lori moja kati ya yale arobaini lilikuwa limekamatwa, katoni mia tatu chini ya magunia ya mbolea. Dereva alidai katoni si zake, na ni mara yake ya kwanza kupita mpaka huu. Picha za Ezron zilimwonyesha akipita mara sita. Hakimu alisema: ushahidi mezani kabla ya saa kumi jioni, la sivyo lori liachiwe.

Likiachiwa, kabla wiki haijaisha mama fulani atamnywesha mwanawe chokaa akidhani ni dawa.

"Kuna kadi za bondeni," Ezron akasema.

Kila wiki, siku ya mnada wa ng'ombe, alikuwa akificha kadi ndogo ya kumbukumbu yenye nakala ya kazi yote ndani ya tochi, na tochi hiyo akimpa Nyanzobe, mjane wa Kisukuma anayefuga upande wa Ivuna. Mbali na mpaka, mbali na umeme, mbali na flashi za wageni. Hata simu ya kawaida haishiki huko.

"Kadi za wiki tatu hizi zina kirusi," Aida akasema. "Nataka ya wiki ya nne, au ya nyuma zaidi."

"Za zamani zinachomwa. Amri ya Mkuu: ikifika mpya, ya zamani iwe majivu, siri zisizagae."

"Nenda hivyohivyo, kaka."

Pikipiki ilikuwa Boxer, tangi limejaa. Akaipita foleni ya malori, akaiacha lami, akaanza kuteremka bonde la Momba. Vumbi mdomoni. Jua mgongoni. Kompyuta mpya ya Toughbook kwenye begi.

Katika kona ya tatu akaangalia kioo. Land Cruiser nyeupe.

"Aida, nafuatwa."

"Na nani?"

"Na kwaya."

Akakata kushoto kwenye njia ya ng'ombe. Mawe. Korongo. Boxer ikaruka, ikatua, ikalalamika, ikaendelea. Land Cruiser ikalazimika kuzunguka.

Alipata dakika kumi. Labda kumi na mbili.

Nyanzobe alikuwa nje ya zizi, ndoo ya chumvi ya Ivuna mkononi.

"Mwadila, mayu," Ezron akamsalimia kwa Kisukuma chake cha kuokoteza, akihema. "Mama, zile kadi za zamani ulizichoma?"

Mama akamtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu. Kabla hajajibu, breki zikalia.

Ambilikile akashuka, bastola mbele; Browning ya Ezron haikuwahi hata kutoka kiunoni.

"Ndugu yangu," akasema kwa lugha ya nyumbani, kwa upole uleule, "mbona unakimbia ukoo? Kirusi changu kiliona kadi ulizonakili. Mama, leta kadi."

Nyanzobe akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa. Ambilikile akalimwaga chini. Akazisaga kadi kwa kisigino mpaka zikawa chengachenga.

Ezron alikuwa amezihesabu kabla ya kisigino.

Tatu.

Mama angekuwa ametii amri, kungekuwa na moja tu. Akafunga mdomo.

"Umemaliza, mwanangu?" Nyanzobe akauliza. Akainua ndoo, akamwaga chumvi yote miguuni pa Ambilikile.

"Nini hii?"

"Chumvi."

Akapiga mluzi.

Ng'ombe mia mbili hawakujua bastola ni nini. Walijua chumvi. Walitoka zizini kama mto uliovunja kingo. Ambilikile akapiga risasi moja juu. Fahali wa mbele hakupunguza hata hatua. Pembe, vumbi, tusi moja la Ibaba. Ezron akajipenyeza kati ya mbavu za ng'ombe, akaupiga teke mkono wenye bastola, akamkalia mgongoni na kumfunga kwa mpira wa mizigo wa Boxer.

"Viazi vimestawi," akamwambia sikioni. "Nilisahau kukujibu."

Akainuka.

"Mama, nyingine ziko wapi?"

"Wiki ya nne iko kwa shemeji, pale kwenye miiba. Mbili kwa mdogo wangu Kabula, ng'ambo ya korongo. Zilizobaki zimetawanyika. Unadhani ng'ombe wangu wote wanalala hapa? Ugonjwa ukiingia siku moja, nikaombe maziwa kwa watu?"

Saa nane na nusu kadi ya wiki ya nne ilikuwa ndani ya Toughbook, juu ya boneti ya Land Cruiser. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Asilimia tisa. Thelathini. Ukasimama. Ezron akasimama nao. Ukaendelea.

"Imekamilika, Aida. Mafaili yote yapo."

"Usinihesabie. Yafungue, moja baada ya jingine."

Akayafungua. Lori. Namba. Lakiri. Sura ya dereva, mara sita, tarehe sita.

"Wiki tatu za mwisho zimekwenda," Aida akasema.

"Ziende."

Akapanda juu ya kichuguu, akaiunganisha Thuraya na Toughbook, akazituma picha. Saa kumi kasoro dakika nane jibu likaja: hakimu amezipokea, lori halitoki, na polisi wako njiani kumchukua Ambilikile.

Nyanzobe akampa kibuyu cha maziwa mgando.

"Umekula nini tangu asubuhi, mwanangu?"

Ezron akakosa pa kuweka macho. Akanywa. Kibanda hakina kazi tena, sura yake imeshajulikana. Kesho mji mwingine, ukuta mwingine wa kuegemea. Akavaa kofia ya pikipiki mapema kuliko ilivyohitajika.

Thuraya ikalia. Mkuu. Akaiweka kwenye spika huku akikaza begi.

"Kanga Saba, hongera. Lakini nimeona tarehe ya kadi. Hiyo ilipaswa kuwa majivu! Nani kakaidi amri yangu?"

"Mkuu, niandike mimi."

"Nimeuliza nani!"

"Ni mimi, Nyanzobe," mama akaisogelea simu.

"Mama, hii si michezo. Adui angeipata je?"

"Angeipata moja."

"Hata moja ni nyingi! Mpya ikishafika salama, ile ya zamani unaitakia nini?"

Ezron akawasha Boxer. Nyanzobe akainama, akasema polepole, kama anayemfundisha mgeni kukamua:

"Baba, kwenu ng'ombe akizaa, mnamchinja siku hiyohiyo?"