Friza ya Marehemu Mwanapili

— Unapima nini humo, Swafwan?

Swafwan alikuwa ameinama ndani ya friza kuukuu, kichwa chini, kijiti mkononi. Kijiti alikikata sawa na kimo cha mapipa ya chuma ya tajiri yake, mzungu wa Diani anayejipikia bia nyumbani, aliyemtuma amtafutie friza ya kuipozea. Aliyeuliza ni Nadhira, binti wa mwenye duka hilo la friji kuukuu, ambaye wanapendana kwa simu mwaka wa pili huu. Na nyuma ya Nadhira, jamani, amesimama baba mtu, Mzee Mbarak, na tasbihi yake.

— Mapipa ya maji, mzee. Ya msikiti wetu wa Bongwe. Watu wanywe maji baridi.

Hata hakuupanga uongo ule. Ulimponyoka tu, na ukapokewa kwa furaha.

Mzee Mbarak akamkataza friji ya kusimama, maana mota yake imevimba chini na inakula nafasi ya pipa zima. Akamchagulia friza ya kufunguka juu, akamwonya asiitoboe ubavuni, mirija ya gesi imepita humo. Mfuniko uinuliwe kwa fremu ya mbao, mifereji ya kutekea maji ikae kwenye mbao. Nadhira, fundi kuliko baba yake, akaifunga fremu mwenyewe, na pampu ndogo ya kusukuma maji, na kidude cha kuyazuia yasigande.

Swafwan alipotoa pesa za tajiri, mzee akamsukuma mkono.

— Rudisha mfukoni, mwanangu. Hii naitoa sadaka kwa mamake Nadhira. Alikufa akiomba maji baridi, na siku hiyo stima ilikuwa imepotea.

Nadhira akachovya brashi, akaandika kwenye fremu: Sadaka ya marehemu Mwanapili. Kisha akamtazama Swafwan kwa macho ya mtu aliyechagua vizuri. Lo, Swafwan alitamani ardhi ipasuke immeze. Alisema alhamdulillahi, akaenda kuita pikapu.

Pikapu ikaifikisha Diani. Tajiri akaja anakokota pipa la kwanza la bia, akauliza yale maandishi yanasemaje. Swafwan hakuthubutu kumsomea. Akaukalia mfuniko. Akamwambia friza hii si yake, akamrudishia pesa zake, na kwa kazi hiyo atafute mtu mwingine. Tajiri alinuna, na mpaka leo hamsemeshi vizuri.

Siku ile ile friza ikapelekwa Bongwe, mapipa mapya ya maji yakaingizwa. Ujumbe wa Nadhira ukaingia:

"Baba anakuja Ijumaa kunywa. Anasema baada ya sala, ukiwa na neno juu yetu, useme."

Basi si mambo yamenyooka? Friza iko msikitini, uongo umegeuka kweli, na hakuna ajuaye. Angenyamaza tu, angepata mke.

Ijumaa Mzee Mbarak akanywa gilasi ya kwanza, akafuta macho, akamwombea Swafwan dua mbele ya watu. Kila amina ilimchoma. Walipotawanyika, Swafwan akamfuata penye viatu.

— Mzee, usiniombee. Friza hii niliitafutia bia ya tajiri yangu. Nilikudanganya wewe, nikamdanganya na Nadhira.

— Bia ilitiwa humo?

— Haikutiwa, wallahi.

— Na nilipomtaja mke wangu, ulikuwa unanisikiliza tu.

— Nilikuwa nasikiliza. Nina haya hata ya kukutazama, mzee.

Mzee Mbarak akavaa viatu polepole.

— Mwanapili amepata maji yake. Wewe mke hujapata.

Akaenda zake. Swafwan akampigia Nadhira, simu haikushikwa. Akawa akipita karibu na duka lao anashusha kofia, anapita ng'ambo ya barabara kama mwizi wa kuku. Hatimaye ujumbe wa Nadhira ukaingia:

"Kwa nini hukunyamaza?"

"Ningekuoa kwa sadaka ya mamako, na sadaka yenyewe niliipata kwa uongo. Ningekutazamaje?"

Ijumaa nyingine ikapita bila neno. Kesho yake, Swafwan akifagia kwa tajiri, Nadhira akaandika:

"Baba anasema mfereji wa msikitini unavuja. Uje umchukue, mkaukaze pamoja."

Akautupa ufagio, akaandika:

"Nakuja sasa hivi. Unavuja sana?"

"Hauvuji. Njoo."