Laini Mpya ya Bibi

Kila alasiri akitoka shule, msichana mmoja alivua viatu mlangoni mwa saluni ya mama yake, akachukua ufagio na kukusanya nywele zilizoanguka chini ya viti. Kisha alifua taulo, akazianika uani, akarudi ndani kupanga vitana na vibanio. Kazi hizo alizifanya vizuri, lakini sifa yake haikutokana na ufagio. Ilitokana na simu. Wateja walimwita Mtaalamu, na kilemba hicho cha ukoka alikivaa akatembea nacho.

Mteja akiuliza simu ipi ina kamera nzuri, Mtaalamu alijibu bila kupepesa macho. Mwalimu mmoja alitaka kujua kama kifaa cha kielektroniki cha kusomea vitabu huchosha macho kuliko karatasi. Alijibiwa papo hapo kwamba hakichoshi hata kidogo, na chaji yake hukaa wiki nzima. Kumbe Mtaalamu hakuwahi kukigusa kifaa hicho, wala hakuwa na simu yake mwenyewe. Alishika simu ya mama, akasoma maoni ya watu asiowajua, akayasema kama yake. Huenda hata baadhi ya walioyaandika walikuwa hawajakigusa.

Hivyo ndivyo Bibi, mzazi wa mama yake, alivyohamia mtandao mpya wa simu. Bibi aliishi peke yake karibu na saluni, katika chumba cha chini cha jengo la ghorofa. Mtaalamu alimwambia kwamba mtandao ule una sauti safi, bei yake ni ndogo, na unashika kila mahali. Bibi akanunua laini mpya, ya zamani akaitupa.

Siku ya pili tu, maji yakazidi unga. Chumbani mle kuta zilikuwa nene na mtandao haukushika kabisa. Ulishika juu, kwenye paa la saruji ambako wapangaji walianika nguo. Bibi alipomweleza, Mtaalamu aliona haya hadi masikio yakamwaka moto. Alimbembeleza asimwambie mama, akadai kwamba minara inaongezwa na mambo yatatulia. Bibi alicheka, akakubali kumsitiri mjukuu wake.

Mama alikuwa na desturi ya kumpigia Bibi kila alasiri kumjulia hali. Basi Bibi akawa anapanda ngazi za nje saa hiyo, na goti lake bovu, ili apatikane. Mama alisikia sauti safi akamsifu binti yake mbele ya wateja. Mtaalamu alitabasamu, akainama kuendelea kufagia.

Siku moja mvua ilianza kunyesha tangu mchana. Alasiri mama alipiga simu kama kawaida, na sauti ile ya mashine ikamjibu kwamba mteja anayempigia hapatikani kwa sasa. Alijaribu tena, jibu likawa lilelile. Akasema labda simu imeisha chaji, au Bibi amejifunika blanketi kwa baridi na kulala. Angepita kumwona jioni akishafunga saluni. Akarudi kwenye kichwa cha mteja aliyekuwa amesukwa nusu.

Mtaalamu alisimama na taulo mkononi. Alijua kwamba Bibi hajawahi kukosa kupanda. Alijaribu kujifariji kwamba leo Bibi ameogopa mvua akabaki ndani. Lakini Bibi aliyemfahamu hakuwa mtu wa kuvunja ahadi aliyompa mjukuu wake, na ngazi zile hazikuwa na kitu cha kushikia. Aliinyakua simu ya mama mezani, akapiga mwenyewe kwa siri. Hapatikani.

Wateja walikuwa wakitaniana na kucheka. Mtaalamu aliogopa kusema, kwa sababu akisema, wote wangejua kwamba utaalamu wake ni maneno matupu. Aliogopa zaidi kunyamaza. Mvua iligonga bati kwa nguvu, na kila ilipozidi alimwona Bibi akiteleza. Mwishowe woga wa pili ukaushinda wa kwanza.

"Mama, Bibi hajalala," alisema.

"Umejuaje?"

"Simu yake haishiki chumbani. Haijashika hata mara moja tangu abadilishe laini. Huwa anapanda paani ili umpate. Mimi ndiye niliyemwomba asikwambie."

Mama alimkazia macho. "Anapanda zile ngazi? Na mvua hii?"

Hakungoja jibu. Aliweka kitana chini, na mteja mwenyewe akamwambia aende, nywele zitasubiri. Walitoka mbio bila mwavuli. Mtaalamu alikimbia huku akilia na kumwomba Mungu Bibi awe amekaa kitandani, awakaripie kwa kumwingilia na miguu yenye matope.

Chumba kilikuwa kitupu. Kitanda kimetandikwa, chai imepoa kikombeni, mkongojo haupo. Mtaalamu alizunguka nyuma ya jengo, na chini ya ngazi akaona ndala moja ya Bibi imelala kifudifudi kwenye dimbwi. Akazikimbilia ngazi, mama akimfuata.

"Msije mbio," sauti dhaifu ilisema kutoka juu. "Ngazi zinateleza."

Bibi alikuwa ameketi pale ngazi zinapokata kona, mgongo ukutani, amelowa chapachapa, mguu mmoja umevimba. Alikuwa akitetemeka mpaka meno yanagongana. Alikuwa ameita sana, lakini wapangaji walikuwa kazini na mvua ilimeza sauti yake. Simu ilikuwa mkononi mwake, nzima, imejaa chaji. Pale alipoanguka haikushika mtandao.

Mama alimfunika kwa khanga yake. Fundi wa magari wa jirani aliitwa, akambeba Bibi hadi kwenye gari, na njia nzima Mtaalamu aliushika mkono wake uliokuwa baridi, akiogopa kuuachia. Hospitalini daktari alisema kwamba mfupa wa kifundo umepata ufa, ila utapona kwa kufungwa plasta. Kilichomtia wasiwasi zaidi ni baridi ile. Alisema kwamba mtu wa umri wake angekaa pale hadi usiku, wangekuwa wanazungumza mengine.

Muuguzi alikuja kuomba namba ya simu ya kumpata mgonjwa nyumbani. Mtaalamu akainua kichwa.

"Ya Bibi haishiki chumbani kwake, Nesi. Niliusifia mtandao ule bila kuujaribu. Andika ya mama."

Muuguzi aliandika, akaondoka. Mama alisema kwamba kesho atamrudisha Bibi kwenye mtandao wa zamani, na safari hii ataazima simu ya jirani aijaribu mle mle chumbani kabla ya kununua laini. Kisha hasira aliyoizuia tangu saluni ikamtoka, akaanza kumgombeza binti yake. Bibi akainua mkono kumzuia.

"Usimlaumu yeye peke yake, mwanangu. Yeye alisema asilolijua, nami nikamfunikia nikidhani ndiyo kumpenda. Mficha maradhi kifo humuumbua, na leo kilikuja kuchungulia." Alimvuta mjukuu wake karibu, akampangusa machozi kwa ncha ya shuka. "Wewe nawe, ukiulizwa usilolijua, sema hujui. Watu watacheka kidogo, basi. Neno 'sijui' halijamvunja mtu mguu."