Zumari ya Mlango wa Mkunazi

Asubuhi hiyo ya theluji, Geng Baotian alipofungua karakana yake aliikuta zumari mpya mezani ikitoa mvuke. Si moshi, mvuke: ule unaotoka kinywani mwa mtu anapozungumza kwenye baridi. Ulitoka kwenye mdomo mpana wa shaba, ukakatika, ukatoka tena, taratibu, kama pumzi za mtu aliyelala. Jiko lilikuwa limezimika tangu jana. Karakana haikuwa na mtu. Mwingine angetupa funguo akatimua mbio. Baotian alichukua kitambaa, akafuta unyevu, akaenda zake kunywa uji.

Msimshangae. Tangu mkewe Huizhen azikwe, mwishoni mwa mavuno, mtu huyu alikuwa gogo. Hakulia siku ya kifo, hakulia makaburini, na majirani walipomsema hakuwasikia. Ukimpa kabichi bila chumvi anakula. Ukiimwaga chumvi yote chunguni, anakula vilevile.

Aliyebaki naye ni binti yao, Suyun, mpiga zumari ambaye vijiji jirani vilimgombania kwa harusi na mazishi. Ukavu wa baridi ulikuwa umeipasua zumari yake ya zamani.

"Baba, nitengenezee nyingine kabla ya harusi za mwaka mpya," alimwambia. "Mimi bila zumari ni nani? Nitauza maboga?"

Katika kuchagua mti, Baotian hakuwa na mpinzani. Kila mara aliuinua kwanza aupime uzito. Alitazama nyuzi kama zimenyooka. Aliulamba pale ulipokatwa, maana mti wenye uchachu bado una maji, na zumari yake itapinda. Mwisho alifumba macho akaugonga kwa kifundo cha kidole. Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na swali alilofundishwa na marehemu baba yake, swali la kumuuliza kila mwuza mbao: "Nani amelala juu yake?"

Maana huko kwao mgonjwa akikaribia kukata roho haachwi kwenye kitanda cha udongo kinachopashwa moto kwa chini. Mlango wa nyumba hung'olewa, akalazwa juu yake, na hapo ndipo anapotoa pumzi ya mwisho. Akishazikwa, mlango unarudishwa siku hiyohiyo, watu wapite, waingie na kutoka, mpaka kilichobaki ubaoni kichoke kiondoke. Ubao ambao haukurudishwa hauguswi na fundi.

Mlango wa Baotian ulikuwa wa mkunazi, mti aliouotesha babu yake. Huizhen alilazwa juu yake. Baada ya mazishi Baotian aliuegemeza ukutani karakanani, akatundika blanketi pale mlangoni. "Nitaurudisha kesho," alisema. Kesho hiyo haikufika.

Basi siku ya kutafuta mti aligonga mbao zake zote, na zote zilikuwa bubu. Akaugonga mlango. Ukalia! Mlio mrefu, safi, wa kuingia kifuani. Na alijua ni mlango gani, asije mtu akamtetea hapa. Swali la baba yake lilimjia, na jibu lake likaja, na moyo haukusema kitu. Mti ni mti, aliwaza, tena huu ni mkunazi, mti ambao mapepo wenyewe huukimbia. Akachukua msumeno.

Harusi ya kwanza, Suyun alipuliza mpaka watu wakaacha vyakula vyao. Lakini alirudi nyumbani kwa kujikongoja, akaketi kizingitini akihema.

"Baba, zumari hii inavuta."

"Inavuta nini?"

"Pumzi. Nikipuliza, upande wa pili kuna... usinicheke. Kuna mtu anameza."

"Utete wa kupulizia ni mpya. Utazoea."

"Na ile harufu? Huisikii?" Alishusha sauti. "Tangawizi na ile dawa chungu. Kama chumbani kwa mama."

Baotian aliisikia. Alikuwa ameisikia tangu siku ya kutoboa ubao, ikipanda na vumbi la mbao. Akamwambia binti yake ale, akalale.

Siku zilivyokwenda Suyun alishindwa kumaliza wimbo, kisha nusu ya wimbo, kisha kupanda ngazi za jukwaa. Midomo yake ikawa rangi ya zambarau. Na karakanani, hata mchana, zumari ilianza kukohoa, kikohozi kidogo kikavu cha mtu asiyetaka kuwaamsha wenzake, kikohozi ambacho Baotian alikuwa amekisikiliza mwaka mzima akiwa amelala upande wa pili wa kitanda, na sasa kila zumari ilipokohoa huku, Suyun kule ndani alishika kifua chake akatafuta hewa, na hewa haikuja, na kulipotulia, mvuke mweupe ulitoka kwenye shaba, mwingi zaidi ya jana, mwingi kama wa mtu mzima.

Siku Suyun alipoanguka jikoni, jirani yao Mama Pang aliitwa. Ni mganga, na ulimi wake ni wembe. Alimshika binti mkono, akainusa zumari, akamgeukia baba.

"Mti huu umeutoa wapi?"

"Mlangoni."

"Mlango upi?" Kisha akaliona blanketi. "Ewe Baotian! Umemkata mkeo vipandevipande ukampa mwanawe apulize?"

"Nilidhani mkunazi unafukuza pepo."

"Unafukuza wa nje, gogo wee! Wa ndani utamfukuzaje, nawe hukumfungulia mlango?"

"Basi niichome."

"Pumzi ya mtoto imo humo. Ukiichoma sasa, unamchoma na yeye." Mama Pang aliketi, akanong'ona kama mtu anayeogopa kusikiwa. "Huyu ana njaa, Baotian. Anachukua ya mtoto kwa sababu ndiyo anayopewa. Ulimlilia?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Nilijaribu, dada. Machozi hayakuja."

"Jaribu sasa."

Alijaribu. Alikaa mbele ya zumari, akamkumbuka Huizhen akichambua kunazi uani, akakunja uso, akangoja. Macho yalibaki makavu. Huko ndani Suyun alikoroma kwa shida.

"Sina machozi," alisema hatimaye. "Pumzi ninayo."

Mama Pang alimsogezea zumari. Hakumkataza.

Baotian akaweka utete mdomoni akapuliza, na zumari haikulia, ilikunywa, na alipotaka kuacha ili avute hewa aligundua kwamba upande wa pili wa utete kuna midomo, midomo ya baridi iliyopasuka, na aliijua, na ile tangawizi ikamjaa puani na kooni, na kifua kikamnywea mbavu zikikaribiana, na Mama Pang akapiga kelele "Inatosha! Mwache!" lakini yeye akazidi kupuliza, kwa sababu tangu mavuno hiki kilikuwa kitu cha kwanza alichokihisi, na hakutaka kiishe, akapuliza mpaka ndani Suyun akavuta hewa kwa nguvu kama aliyeibuka majini, akaita, "Baba!"

Pumzi ya mtoto ilikuwa imemrudia; Mama Pang akamnyang'anya Baotian zumari, akaitupa kwenye moto wa jiko, na mabaki ya mlango yakafuata. Vilipiga mlio mrefu, vikashika moto. Harufu ya tangawizi ikaisha.

Asubuhi iliyofuata Suyun alitoka uani kwa miguu yake mwenyewe, mashavu mekundu. Baotian alikuwa akipima mlango mpya wa msonobari, na Mama Pang kamshikia ubao, akimkaripia kwamba ameupinda.

"Njooni mle, mikate imeiva," alisema Suyun, na maneno yake yakatoka na mvuke mweupe. Akacheka kwa furaha ya kuwa na pumzi, akapuliza mwingine kwa makusudi.

"Nakuja nikimaliza bawaba," alisema Baotian.

Cheko la Suyun likakatika. "Baba, hebu sema tena."

"Niseme nini, mwanangu?"

Mama Pang aliuacha ubao ukaanguka. Mvuke ulikuwa ukitoka mdomoni mwake, na mdomoni mwa Suyun, na puani mwa punda wa jirani kule ng'ambo ya ua. Baotian aliwatazama wote wawili, akafungua kinywa wazi na kuuliza tena kuna nini, na mbele ya kinywa chake hewa ilikuwa tupu.