Disiki Shingoni mwa Shitanda

Kila mchana Warigia alikimbia kutoka shuleni hadi nyumbani mtaani Mbotela, akampakulia mdogo wake Bedan githeri ya mahindi na maharagwe, wakala, kisha akampeleka kwa jirani kabla ya kurudi darasani. Mama yao alikuwa sokoni Gikomba akishona nguo hadi jioni. Bedan alikuwa na miaka minne na miguu isiyotulia, na mama alikuwa amesema hadi akachoka: "Umkabidhi mkononi, Warigia. Si mlangoni. Mkononi!"

Lakini siku hiyo Warigia alikuwa amevikwa disiki, na hasira zilikuwa zimempanda.

Kama hukusoma miaka ile, una bahati yako. Disiki ilikuwa kipande cha mbao chenye kamba. Ukisema Kiswahili au lugha ya kwenu ndani ya ua wa shule, unavikwa shingoni, nawe unaivaa mpaka umnase mwenzako akisahau. Kengele ya jioni ikikukuta nayo, unachapwa mbele ya wote. Basi watoto walinyemeleana siku nzima, rafiki kwa rafiki. Upuuzi mtupu! Na Warigia, aliyeongoza darasa zima kwa Kiingereza, alikuwa amenaswa asubuhi kwa kupiga kelele "Mama wee!" alipokanyagwa kidole.

Jirani alikuwa mferejini akichota maji. Warigia alimwita mara moja, wala hakungoja jibu. "Keti hapa, usitoke," alimwambia Bedan pale mlangoni, akatimua mbio kwenda kutafuta mtu wa kumvika.

Hakutafuta sana. Ndiyo kwanza anaingia langoni, akasikia vishindo nyuma yake. Alikuwa Shitanda, mvulana aliyehamia kutoka Kakamega muhula uliopita, anahema kama aliyefukuzwa na mbwa.

"Warigia, ngoja! Bedan—"

"Disiki!" Warigia alipaza sauti, na kamba ikawa tayari shingoni mwa mwenzake.

"Sikiliza kwanza! Bedan wako—"

Nani wa kusikiliza? Warigia alikuwa ameziba masikio, anacheka, anakimbilia darasani. Kengele ikalia.

Mwalimu Roseline aliandika "should" ubaoni. Alieleza kwamba hilo ni neno la kumpa mtu ushauri, na ukiliongezea "have", unajutia jambo ambalo hukulifanya. Shitanda akanyoosha mkono.

"Teacher... Bedan... the road..."

"Sentensi kamili!" mwalimu alimkata kwa Kiingereza. Darasa likaangua kicheko. Shitanda alifungua kinywa, maneno yakagoma. "Keti chini. Warigia, tupe mfano wa ushauri."

Warigia aliinuka kifua mbele. "You should look after your younger brother," yaani, umtunze mdogo wako.

"Safi kabisa! Mpigieni makofi!"

Hapo ndipo Shitanda alipopasuka. Aliivua disiki, akaibwaga juu ya meza ya mwalimu hadi chaki zikaruka.

"Nichapeni!" alifoka kwa Kiswahili, machozi yakimtoka. "Nichapeni mkipenda! Huyo ndugu yake yuko Jogoo Road peke yake! Nimemshika akanichomoka, nikaja kumwita dada yake, akanivika huu ubao. Mnapiga makofi, na mtoto atagongwa na lori!"

Makofi yalikatika. Warigia alipogeuka, Shitanda alikuwa ameshafika mlangoni, na mwalimu alikuwa amevua viatu vyake vya visigino. Wakakimbia wote watatu.

Jogoo Road malori yalikuwa yanapita moja baada ya jingine. "Bedan! Bedan!" waliita. Kisha Warigia akaona kitu ukingoni mwa lami, akakiokota. Ilikuwa ndara moja, ndogo, ya buluu. Ya Bedan.

"Uuuwi!" alipiga ukemi, akaanguka kwa magoti.

"Huyu mtoto ni wa nani?" sauti ilinguruma kutoka upande wa Soko la Burma. Alikuwa Kinyanjui, mwenye bucha, aproni imejaa damu ya ng'ombe, amemshika Bedan ukosi wa shati. Bedan alikuwa analia, mguu mmoja mtupu. "Nauliza, ni wa nani? Nimemvuta kutoka mbele ya tairi! Hamna haya? Macho mmepewa ya nini?"

Warigia alimkimbilia, ndara mkononi.

"Nilikuwa namfuata Warigia," Bedan alisema kwa kwikwi.

Jioni mama hakumchapa Warigia. Aliishika ile ndara mapajani, akasema, "Nilikwambia mkononi." Afadhali angemchapa.

Asubuhi Mwalimu Roseline aliomba sentensi za majuto. Warigia alisimama bila kuitwa.

"I should have listened to Shitanda."

Alijutia kutomsikiliza. "Sentensi haina kosa," mwalimu alisema, safari hii kwa Kiswahili, darasa zima likashtuka. "Lakini umeniambia mimi, na si mimi uliyemkosea. Mgeukie mwenyewe, umwambie kama mnavyosemezana nyumbani."

Warigia aligeuka. "Shitanda, nisamehe. Ulikuja kumwokoa ndugu yangu, nami nikakucheka."

Shitanda alimtazama, uso bado umekunjwa. "Siku nyingine sikiliza kwanza," alisema. "Ucheke baadaye."

"Hata mimi unisamehe, Shitanda," Mwalimu Roseline alisema. "Ulinyoosha mkono, nikakuketisha. Watoto, mtu akija anahema, sikilizeni anachosema, msipime anakisema kwa lugha gani. Nawe Warigia, ushauri mzuri unaanza nao wewe mwenyewe. Ukipewa mtu umtunze, mtunze mpaka mwisho." Aliichukua disiki, akaifungia kabatini, na darasa lile halikuiona tena.

Mchana ule jirani alikuwa tena mferejini. Warigia alimfuata huko huko, akautia mkono wa Bedan ndani ya mkono wake uliolowa maji, na hakuondoka mpaka alipoona vidole vya jirani vimeufumbata.