Paka Mmoja, Wateja Watatu

Kila siku akitoka shuleni, Redio alipiga chafya kwanza ndipo akasalimia. Si kwamba hakuwa na adabu. Chumba cha kazi cha shangazi yake kilijaa sufi kuanzia mlangoni hadi dirishani, na sufi haingoji mtu aseme shikamoo. Iliingia puani, ikakaa kwenye nyusi, ikaelea juu ya chai. Redio alivua viatu, akaketi mkekani na kuanza kuchambua sufi, akitoa mbegu moja moja, na kuanzia hapo mdomo wake haukufungwa tena. Ndiyo maana walimwita Redio. Jina alilopewa na wazazi lilitumiwa na mwalimu peke yake.

Shangazi alikuwa fundi wa mito ya kulalia, na alikuwa na desturi yake. Mto ukishajaa, aliacha kona moja bila kushona. Mteja akija, aliambiwa, "Ingiza mkono." Naye aliingiza mkono mpaka kiwiko, akapapasa, akahakikisha hakuna matambara yaliyofichwa katikati ya sufi. Hapo ndipo shangazi alipoishona kona ile, mteja akiwa amesimama anatazama. Wengine walimcheka, wakasema mama huyu anapima mito kama mganga wa ng'ombe. Shangazi hakujali.

Mtu wa tatu pale nyumbani alikuwa babu, baba yake shangazi. Babu alikuwa mlinzi wa usiku maisha yake yote, na tangu alipostaafu alikuwa analipa deni la usingizi. Alilala akiwa ameketi, na siku nyingine alilala akiwa na tonge mkononi. Miguuni pake alilala paka mwenye sikio lililochanika. Paka huyo aliitwa Meneja, kwa sababu alizunguka chumba kizima kukagua kazi ambayo yeye mwenyewe haigusi.

Mwezi ule biashara ililala kuliko babu. Maduka yalikuwa yamejaa mito ya sponji ya bei ya chini, na watu walipita mlangoni kwa shangazi bila hata kugeuza shingo. Jioni moja shangazi alisimamisha cherehani.

"Mwanangu, hebu nyamaza kidogo unisikilize," alisema. "Kuna mama mwenye nyumba ya wageni anatafuta mito ya vyumba vyake vyote. Tukiipata oda hiyo, kazi itaendelea. Tukiikosa, chumba hiki nakifunga. Nitakwenda kushona kiwandani, mji wa mbali, na wewe utabaki hapa na babu yako."

Redio akamtazama babu. Babu akakoroma. Machozi yakamlenga Redio, maana shangazi ndiye aliyemlea tangu akiwa hajaota meno.

"Huendi popote," akasema. "Niachie mtandao, shangazi. Nitaitangaza mito hii mpaka majirani wa majirani waisikie."

"Haya. Piga picha nzuri, sema ukweli, basi," shangazi akamjibu, akarudi kwenye cherehani yake. Mambo ya mtandaoni hakuyajua. Simu kwake ilikuwa ya kupigia na kupigiwa.

Redio akarekodi video ya mto, akausifia, akaiweka mtandaoni. Kufikia jioni walioipenda walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa Redio mwenyewe. Siku hiyohiyo video ya kijana aliyetumbukia mtaroni na ndoo kichwani ilipendwa na maelfu ya watu. Redio akajiambia kwamba watu hawataki mto, wanataka kisa. Basi akamwamsha babu.

"Babu, leo wewe ni mwalimu mstaafu. Umenunua mto huu, na sisi hatujuani."

"Hatujuani vipi, mjukuu wangu? Si juzi tu nimekukata kucha?"

"Tunaigiza, babu!"

Babu akavishwa tai, akasema aliyofundishwa. Siku ya pili alivishwa kofia akawa dereva wa lori ambaye shingo yake ilipona kwa usiku mmoja. Siku ya tatu, Mungu atusamehe, alivaa aproni nyeupe ya shangazi akawa daktari wa mifupa. "Mimi ni daktari," alitangaza kwa sauti ya mlinzi anayesimamisha gari getini. "Daktari wa... wa nini vile, Redio?" Kipande hicho Redio alikikata. Shangazi, kila mara, alikuwa ametoka kununua uzi.

Lo! Video zikashika moto. Watu wakauliza bei, wakatumiana, wakamsifu yule daktari kwamba ana sura ya upole. Na siku ya nne yule mama wa nyumba ya wageni akaandika mwenyewe: "Shingo yangu inanitesa mwaka mzima. Nakuja Jumamosi kuona mto uliomponya dereva." Redio akarukaruka mpaka sufi ikajaa hewani na Meneja akakimbilia chini ya meza.

Chini ya maneno hayo, hata hivyo, kulikuwa na mtu mwingine aliyeandika: "Jamani, hebu tuulizane. Huyu mwalimu, huyu dereva na huyu daktari wanafuga paka mmoja kwa zamu?"

Redio akaitazama upya video ya kwanza. Meneja huyu hapa, anapita nyuma ya mwalimu. Akaitazama ya pili. Meneja amekaa mapajani kwa dereva. Katika ya tatu alikuwa anailamba aproni ya daktari. Redio akayafuta maoni yale haraka. Yakarudi, safari hii na watu kumi na wawili wanaocheka. Akayafuta tena.

Alhamisi alasiri, shangazi akiwa dukani, mama mmoja mwenye mkoba mkubwa alibisha hodi.

"Hapa ndipo panapouzwa ile mito ya mtandaoni?"

Redio akaamini moja kwa moja kwamba ni mama wa nyumba ya wageni, amewahi. Akampa kiti, akamfuta sufi begani, akaanza. Alisema mto unaondoa maumivu, unanyoosha mgongo na unaleta ndoto nzuri. Kisha akakohoa kwa nguvu. Hiyo ilikuwa ishara, na babu akatokea chumba cha ndani akiwa na koti na miwani ya jua.

"Hodi!" babu akasema, ingawa alikuwa anatokea ndani. "Mimi ni mteja. Nimetoka mbali sana. Mto wenu umenifaa, nataka mwingine."

Kabla hajamaliza, Meneja akatoka chini ya meza, akamrukia kifuani, akajikunja hapo kama kawaida yake.

Mgeni akamtazama paka. Akamtazama babu. "Na huyu," akauliza taratibu, "naye ametoka mbali?"

Babu, kila akibanwa, mkono wake hupiga saluti wenyewe. Akapiga saluti.

"Mimi si mnunuzi," mgeni akasema, akionyesha kitambulisho. "Natoka ofisi inayosimamia matangazo. Tumepokea malalamiko. Mwenye biashara yuko wapi?"

"Nipo hapa," sauti ikajibu mlangoni. Shangazi alikuwa amesimama na mabunda ya uzi mkononi. "Malalamiko gani tena?"

Afisa akamwonyesha video zote tatu, moja baada ya nyingine. Shangazi alitazama bila kupepesa. Ilipokwisha ya tatu, akageuka.

"Baba, umekuwa daktari lini?"

"Jumanne," babu akajibu.

Afisa akauma midomo asicheke, kisha uso wake ukarudi kazini. "Mama, ukiuza kitu mtandaoni, mtazamaji ana haki ya kujua kwamba anatazama tangazo. Anayekisifu akiwa ndugu yako, au umemlipa, au umempa bure, sema wazi. Ukisema kinaponya, uwe na uthibitisho. Na anayejibu ni wewe mwenye biashara, hata kama aliyeweka video ni mtoto. Safari hii nakupa onyo. Ziondoe, na usahihishe palepale mlipodanganyia. Mkirudia, ni faini."

Shangazi hakufoka, na Redio aliona heri angefoka. Alichukua mto mmoja rafuni, akaugeuza mpaka kona iliyo wazi, akamwambia afisa, "Ingiza mkono."

Afisa akaingiza, akapapasa. Sufi tupu, safi, mpaka mwisho. Akautoa mkono akashangaa.

"Sasa mto mzuri hivi," akamwuliza Redio, "uongo ulikuwa wa nini?"

Redio akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na matangazo. Akalia kwa kwikwi, na sufi ikamganda mashavuni.

Usiku haujaingia alikuwa amezifuta zile video na kuandika masahihisho. Shangazi akaishika simu mbali na macho. "Yako wapi?"

"Hapo chini, shangazi. Baada ya maua."

Shangazi akapandisha kidole, akapandisha, akapita maua, mioyo, vipepeo na nyota. "Uongo uliuweka sebuleni, ukweli umeuficha stoo?"

"Lakini shangazi, mama wa nyumba ya wageni akiona hatakuja! Utakwenda kiwandani!" Redio akapiga kelele, sauti ikamkatika. "Sitaki uende."

"Hata mimi sitaki," shangazi akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Lakini sitaki kubaki kwa kumdanganya mgonjwa wa shingo."

Redio akajifuta macho. Kisha akachukua simu, akaenda alipolala babu, kichwa juu ya mto na Meneja juu ya tumbo, akaanza kurekodi.

"Hili ni tangazo," alisema kabla ya lolote. "Mito hii inashonwa na shangazi yangu, na mimi naishi naye. Anayekoroma hapa ni babu yangu. Si mwalimu, si daktari, na hata baiskeli inamshinda. Paka ni wetu, ni mmoja tu. Mto huu hauponyi shingo. Niliwadanganya, naomba mnisamehe. Kitu nilicho na hakika nacho ni kwamba ndani ni sufi tupu, na ukija utaingiza mkono uhakikishe." Akaiweka juu kabisa, palepale zilipokuwa zile za uongo.

Jumamosi ikafika. Asubuhi hakuja mtu. Mchana hakuja mtu. Shangazi akaanza kukunja vitambaa na kuvipanga kwenye sanduku, na Redio akawa anavitoa upande wa pili. Jua lilipokuwa linapungua, mlango ukagongwa. Aliingia mama mnene aliyegeuka mwili mzima ili kutazama kila upande, kwa sababu shingo yake haikugeuka.

"Ni nani aliyeniambia kuna dereva aliyepona?" akafoka.

Miguu ya Redio ilitaka kukimbilia chumba cha ndani. Akailazimisha isimame. "Shikamoo, mama. Ni mimi. Niliongopa. Shingo yako ipeleke hospitali. Mto huu haujui kutibu, unajua kulaliwa tu."

Mama yule akamkazia macho. Kisha akamgeukia babu, kwa mwili mzima, akamsikiliza anavyokoroma. "Na huyu naye anaigiza?"

"Hapana, mama. Huyu sasa ni wa kweli."

Shangazi akamletea mto. Mama akaingiza mkono, akapapasa muda mrefu, uso ukamlegea. "Wiki nzima nimezunguka madukani," akasema. "Kila mmoja ananiambia mto wake unaweza hiki na kile. Wewe mtoto ndiye wa kwanza kuniambia mto usichoweza. Nishonee mito ya nusu ya vyumba. Wageni wangu wakiipenda, nitachukua ya vyumba vilivyobaki. Na paka, bei gani?"

"Meneja haondoki kazini," babu akajibu bila kufumbua macho.

Mama alipoondoka, shangazi alimwita Redio akaketi karibu yake. "Sikiliza, mwanangu. Kona ile siachi wazi kwa mapambo. Naiacha ili mtu anunue akijua anachonunua. Mtandaoni mteja hana pa kuingiza mkono, kwa hiyo kona lazima umfungulie wewe. Mwambie kwamba hili ni tangazo, anayesifu ni nani kwako, na kitu chako hakiwezi nini. Akishajua yote hayo na bado akanunua, hapo umeuza. Vinginevyo umemwibia, hata kama mto ni mzuri."

"Nimeelewa, shangazi."

"Na mshahara wangu wa udaktari?" babu akauliza.

"Lala, baba."

Redio akalitazama lile sanduku la vitambaa, bado limefunguka nusu. "Kwa hiyo huendi kiwandani?"

"Niende wapi na oda yote hii?" shangazi akasema, akampa sindano. "Njoo nikufundishe kushona kona. Lakini kwanza mteja awepo."

Redio akaipokea sindano, akataka kusema mambo mengi sana, akaishia kupiga chafya.