Trekta Si Ng'ombe

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, mtu mmoja au wawili walikuwa wameshakaa kwenye benchi nje ya nyumba ya Jicho. Walimngoja aende nao mnadani awachagulie ng'ombe. Jicho halikuwa jina lake la kuzaliwa. Watu walimpa jina hilo kwa sababu akichagua ng'ombe hakosei. Alimfungua mdomo, akatazama meno. Alimpapasa mgongo. Kisha alitaka kumwona akitembea. Baada ya hapo alisema "mchukue" au "mwache", na kazi ikaisha.

"Ng'ombe unawajua mpaka bibi zao," mkewe alimtania. "Lakini nguo niliyovaa jana huikumbuki."

Katika ua huohuo aliishi mdogo wake Jicho. Watoto wa nyumba hiyo walimwita Baba Mdogo, na watu wazima nao wakafuata. Baba Mdogo alikuwa amejifunza kuendesha trekta. Leseni alikuwa nayo, trekta hakuwa nalo. Basi wimbo wake ukawa mmoja tu.

"Kaka, maksai wetu wamezeeka. Tununue trekta, hata likiwa kuukuu. Nitalima shamba letu, nilime na ya majirani. Nami nitakuwa nimepata kazi yangu."

Jicho alimpenda sana mdogo wake. Akakubali. Wakauza maksai wote wawili, wale waliokuwa wakivuta jembe lao kila msimu.

"Muulize kwanza Mama Spana," mkewe alimwambia.

Mama Spana alikuwa fundi wa matrekta. Aliishi upande wa pili wa uzio. Asubuhi ungeweza kumsikia akipiga mswaki.

"Mama Spana anatengeneza," Jicho alijibu. "Mimi nanunua. Hizo ni kazi mbili."

Tusimcheke haraka. Mtu akisifiwa miaka mingi kwa jambo moja, huanza kudhani analijua na la pili. Ugonjwa huo tunao wengi.

Siku iliyofuata, Jicho na Baba Mdogo walifika kwenye uwanja wa matrekta makuukuu. Mengine yalikuwa yamewekwa juu ya mawe, hayana magurudumu. Majani yalikuwa yameota hadi kwenye viti. Muuzaji aliwapokea kwa maneno matamu. Akawapeleka moja kwa moja kwenye trekta jekundu lililong'aa.

Jicho akalizunguka. Akatazama matairi. Akapapasa rangi. Kisha akaweka kiganja juu ya injini.

"Ina joto," alisema.

"Nimelitembeza kidogo asubuhi, mzee wangu," alisema muuzaji.

Jicho akafurahi. Ng'ombe aliyetembea asubuhi na hahemi ni ng'ombe mwenye nguvu. Muuzaji akawasha. Trekta likanguruma mara moja.

Baba Mdogo hakutulia. "Kaka, tusubiri injini ipoe. Tuone kama itawaka ikiwa baridi."

"We mtoto," Jicho akacheka, "umeona wapi mtu akisubiri ng'ombe alale ndipo amnunue?"

Muuzaji naye akacheka, tena kwa sauti kubwa zaidi. Jicho akanunua.

Wakakodi lori la kulibeba. Dereva wa lori alipoona trekta, alikuna kichwa. "Minyororo yangu iko gereji. Tungoje mpaka kesho."

"Kesho ya nini? Kamba ninazo," Jicho alisema. Zilikuwa kamba nzuri, nene. Ndizo alizofungia ng'ombe kwenye malori. Dereva alijua kwamba si sawa. Lakini alitaka malipo ya safari, akaanza kufunga.

Walipomaliza kufunga, Jicho alimgeukia mdogo wake. "Panda ukae juu yake, ushike breki. Mnyama hasafirishwi peke yake."

Baba Mdogo hakubisha. Alikuwa na furaha mno. Alikaa kwenye kiti cha trekta, juu ya lori, akawapungia watu njia nzima.

Kwenye mteremko, penye kona, dereva alifunga breki ghafla. Kamba ya mbele ikakatika. Trekta likateleza kwa upande. Baba Mdogo akaruka, lakini hakufika mbali. Mguu wake wa kushoto ulibanwa kati ya gurudumu na ubavu wa lori.

Jicho alisikia ukelele wa mdogo wake. Hajausahau mpaka leo.

Baba Mdogo akapelekwa hospitali. Trekta likafika nyumbani siku hiyohiyo, halina hata mkwaruzo. Asubuhi yake Jicho akajaribu kuliwasha. Likakohoa, likanyamaza. Akajaribu tena na tena. Kimya.

Ndipo mkewe akaenda kwa jirani bila kuomba ruhusa. Mama Spana akaja na boksi lake la vifaa. Akafungua kifuniko cha oili, akachovya kijiti, akamwonyesha Jicho.

"Unaona rangi hii? Kama chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye oili. Injini hii imekufa ndani."

"Lakini jana liliwaka mara moja."

"Lilikuwa na joto?"

"Ndiyo."

"Injini mbovu ikishapata joto, huwaka kwa urahisi. Ndiyo maana waliiwasha kabla hujafika. Trekta kuukuu hujaribiwa likiwa baridi, jirani. Ukikuta lina joto, ngoja lipoe, au nenda zako."

Jicho alikaa chini, hapohapo kwenye vumbi. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Nilikuwa hapo tu." Mama Spana hakusema kwa ubaya. Alifunga kifuniko, akaketi karibu naye. "Na kamba. Trekta ni mzigo mzito, linafungwa kwa minyororo, mbele na nyuma. Kila gurudumu linawekewa kabari. Injini inazimwa, gia inaingizwa, breki ya mkono inavutwa. Na mtu hakai juu yake. Hata kwa dakika moja."

"Nilimwambia mimi apande," Jicho alisema. "Mimi mwenyewe."

Mama Spana akamshika mkono, akamwinua kutoka vumbini.

Hospitalini, swali la kwanza la Baba Mdogo lilikuwa, "Limewaka?"

Jicho alitamani kudanganya. Ulimi ukakataa. "Halijawaka. Limekufa."

Baba Mdogo akageukia ukuta. Jicho alisimama na kikapu cha chakula mkononi, hajui akiweke wapi.

Mvua zikaja. Maksai hawakuwapo, trekta haliwaki. Mke na mume walilima kwa jembe la mkono, wakaishia robo ya shamba. Robo tatu ikala nyasi. Mwaka huo walikula kwa kupimiana.

Mwaka uliofuata waliuza lile trekta kama chuma chakavu. Wakaungana na majirani kununua jingine. Safari hii Jicho alipiga hodi kwa Mama Spana mapema. Mama Spana akampigia simu muuzaji mwingine. "Msiliwashe kabla hatujafika," alisema.

Walipofika, Mama Spana aligusa injini. Ilikuwa baridi. Akatazama oili kwanza, kisha maji. Akaliwasha mwenyewe, akatazama moshi. Akajaribu gia zote, breki na mikono ya kuinua jembe. Akalinganisha namba ya injini na ile ya kwenye kadi ya usajili. Trekta la kwanza alilikataa. La pili pia. La tatu lilikuwa na rangi iliyobabuka na kiti kilichochanika.

"Hili," alisema.

"Baya hivi?" Jicho aliuliza.

"Utalioa?"

Wakalifunga kwa minyororo na kabari. Watu wote wakakaa ndani ya kichwa cha lori. Walipokwenda kidogo tu, Jicho alimsimamisha dereva akashuka kukaza minyororo. Akamsimamisha tena. Dereva akaguna, lakini Jicho hakujali.

Trekta likafika salama. Asubuhi, likiwa baridi, likawaka. Majirani wakashangilia.

Baba Mdogo akaja na fimbo yake. Wakamsaidia kupanda. Alishika usukani vizuri, kama alivyofundishwa. Kisha akakanyaga klachi kwa mguu wa kushoto. Mguu haukuwa na nguvu. Klachi ikarudi juu. Akajaribu tena kwa kulisukuma goti kwa mikono yote miwili. Watu wakaacha kushangilia.

Alishuka polepole. "Shemeji," alimwambia mke wa Jicho, "panda wewe. Nitakufundisha."

Msimu ule shamba lote lililimwa, na ya majirani pia. Mke wa Jicho ndiye aliyeendesha. Ghala likajaa hadi mlango ukafungwa kwa shida. Watu wakija kumuuliza Jicho habari za matrekta, huwaonyesha uzio. "Fundi yuko pale. Nendeni naye, na mkalikute likiwa baridi."

Siku moja, wakiwa wamekaa pembeni mwa shamba, Jicho alisema, "Mdogo wangu, nisamehe."

"Nilikusamehe hospitalini, kaka," Baba Mdogo alijibu. Alikuwa akilitazama trekta. "Lakini nilitaka sana kuendesha."

Jicho akainamisha kichwa. Baba Mdogo akachukua fimbo yake, akaenda kumwelekeza shemeji yake namna ya kugeuza.