Jina Lililozikwa na Kageha

Katuni ilianza kulia Jumatatu, na hakuna aliyekuwa ameirekodia kilio.

Ilikuwa katuni ya msichana katika mchezo wa kompyuta wa kufundisha watoto hesabu. Vivian aliichora, mumewe Luseno aliandika programu ya kuifanya icheke mtoto akipata jibu. Studio yao, walivyopenda kuiita kwa majivuno, ilikuwa sebule ya ghorofa ya nne katika mtaa wa Huruma: kompyuta mbili na kochi. Aliyeujaribu mchezo ni binti yao Whitney, wa miaka sita, na mshahara wake mandazi.

"Zima hiyo sauti," Vivian alisema.

"Zii, spika hata sijachomeka," Luseno alikataa.

Kisha ikaja harufu ya tope la mtoni na nguo mbichi, katika nyumba ambayo mfereji wake ulikuwa umekauka wiki nzima.

Kezia, mamake Luseno, akaitwa, akaja kutoka mtaa wa Ziwani. Alisikiliza akiwa mlangoni, viatu hakuvua.

"Huyo katuni mmemwita nani?"

Luseno alitazama chini. "Kageha."

Mjinga aliyesoma ndiye mjinga kamili. Kageha alikuwa dada mkubwa wa Luseno, aliyembeba mgongoni, akafukuzwa na mume kwa kukosa mtoto, akarudi kwao, akaambiwa aende. Ndipo alipoingia mtoni. Kwa Wamaragoli, jina la aliyekufa hivyo halipewi mtoto. Huzikwa naye.

"Mama, ni picha tu. Nilitaka aitwe na mtu. Nyinyi hata hammtaji."

"Picha inayocheka, inayoitwa na watoto! Ulitaka aone tofauti gani? Futa, kabla hajatafuta mwili."

Luseno akafuta uso wa katuni, akafuta jina, na kila alipofuta kilio kilipanda, mpaka majirani wakagonga ukuta na Kezia akapiga magoti akiimba wimbo wa kanisa, na ile harufu ikashuka kwenye meza, ikatambaa sakafuni kama maji yanayotafuta mteremko, ikapita miguuni mwa Vivian ikielekea kochini, halafu kukawa kimya.

"Ameenda," Kezia alinong'ona. "Asante Yesu."

"Whitney," Vivian aliita. "Njoo kwa mama."

Mtoto alikuwa amewapa mgongo, nywele zikichuruzika maji. Hakugeuka. Vivian akamshika bega, lilikuwa baridi.

"Usithubutu kumwita jina lile lingine," Kezia alisema. "Ukiliita, umempa marehemu mtoto wako."

"Na nisipoliita?"

Kezia akaurudia wimbo wake wa kanisa.

Mtoto hakula wala kunywa siku hiyo, wala kesho yake, kila alipoitwa Whitney akiufunga mdomo. Luseno alilia, kazi pekee aliyobaki nayo. Midomo ya mtoto ilipoanza kupasuka kwa kiu, Vivian alipakua uji, akachuchumaa mbele ya kochi.

"Kageha," alisema. "Mwanangu, fungua mdomo."

Mtoto akageuka akitabasamu, akanywa. Vivian akajaribu kunyamaza, mdomo ukafungwa. Basi akaliita jina hilo tena, na tena, kijiko baada ya kijiko, mpaka uji ukaisha.